Kanuni, picha au maongezi: kuchagua mtaalamu wa kukaa ndani ya simu

Kikundi kimoja cha wakulima wa muhogo huku Kiromo, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, kiliniita niende kuamua ugomvi. Wana simu janja tatu na kishikwambi kimoja kilichobaki baada ya mradi kuondoka. Katibu, kijana aliyemaliza chuo juzijuzi, anasema muhogo ukiugua aulizwe roboti wa maongezi, basi, kazi imekwisha. Mweka hazina alimwona bwana shamba akilipiga picha jani na simu ikataja ugonjwa papo hapo; anaitaka hiyo. Mwenyekiti, ambaye kwangu ni mjomba, hataki hii wala ile. Anataka anayoyajua yeye yaandikwe, yaingie kwenye simu. "Mimi siishi milele," alisema, "na nyinyi nikiongea hamsikii."

Watatu hao, bila kujua, walikuwa wanataja aina tatu tofauti za programu. Niliwaandikia kurasa chache za kuwasaidia kuamua. Baadaye mwenye duka la dawa akaniuliza swali lilelile, kisha fundi wa mashine za boti pale ufukweni, nikaona heri niyapanue yawafae wengi.

Tunachagua kati ya nini na nini

Anachokitaka mjomba kinaitwa mfumo wa kitaalamu. Ni kitu cha zamani. Mwaka 1965 Edward Feigenbaum na Joshua Lederberg wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza kutengeneza DENDRAL, programu ya kubaini umbo la molekuli kama mkemia mzoefu anavyofanya. Mfumo wa aina hii una sehemu mbili zisizochanganywa. Kuna ghala la maarifa, yaani kanuni za "kama hivi, basi vile" zilizochotwa kwa mtu anayejua kazi. Na kuna injini ya hoja, inayozipitia kanuni hizo na kuzifunganisha mpaka ifike kwenye jibu. Ghala likibadilika, injini inabaki ileile. MYCIN, mfumo wa maambukizi ya damu uliotengenezwa Stanford miaka ya 1970, uliondolewa kanuni zake za tiba, ikabaki injini tupu iliyoitwa EMYCIN. Wakaijaza kanuni za vipimo vya mapafu, ukazaliwa mfumo mwingine kabisa, PUFF. Kwa hiyo injini inayomfaa mkulima wa muhogo inaweza kumfaa fundi boti. Kinachotafutwa ni kanuni.

Anachokitaka mweka hazina ni mfumo uliojifunza kwa picha. Huu hauandikiwi kanuni. Unaonyeshwa maelfu ya majani, kila moja limeshatajwa lina nini, nao unajitafutia wenyewe alama za kutofautisha.

Cha katibu ni roboti wa maongezi, aina iliyovuma tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Huyo amesomeshwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kuendeleza maneno: ukimpa swali, anatunga jibu linaloelekea kufuata.

Zote tatu siku hizi watu wanaziita akili mnemba, na ndiyo maana kikao kile kilikuwa kelele tupu. Nikawapa maswali matano ya kuzipimia: maarifa yenu yamekaa wapi sasa hivi? Mkiuliza "kwa nini", mtajibiwa nini? Ikikosea, itakosea vipi? Inataka bando na simu ya aina gani? Na nani atailea?

Maarifa yenu yamekaa wapi

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mfumo wa kitaalamu unataka maarifa yanayoweza kusemwa kwa maneno. Nilikaa na mjomba chini ya mwembe, mimi na daftari, yeye na kahawa.

"Shikamoo mjomba. Batobato unaijuaje?"

"Marahaba. Tazama majani machanga ya juu. Yamejikunja, yana mabaka ya njano na kijani, jani moja limekuwa nusu ya mwenzake."

Hiyo ni kanuni, nikaandika. Kama majani machanga yamejikunja na yana mabaka, basi batobato.

"Na michirizi ya kahawia?"

"Hiyo ni mchawi. Mti unaweza kusimama vizuri, jani halijikunji. Utazame majani ya chini, yale makubwa. Halafu siku ya kuchimba ndiyo unalia: ukikata muhogo, ndani una madonda makavu ya kahawia."

Nikaandika tena. Tulikwenda hivyo mpaka kanuni ya ishirini na kitu. Kisha nikauliza: "Jani la chini likiwa njano kwa sababu limezeeka tu, utalitofautishaje na la michirizi?" Akainuka, akaingia shambani, akarudi na majani mawili. "Hili limezeeka. Hili linaumwa." Kwa nini? "Si unaona?" Sikuona. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chumvi ina chumvi.

Jioni alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa amelifikiria njia nzima. "Andika. La uzee linageuka njano lote. La michirizi, njano inaanzia kandokando ya vishipa vya ubavuni, inatambaa kama unyoya, huku sehemu nyingine za jani bado kijani." Kanuni moja hiyo ilichukua siku nzima ya watu wawili. Feigenbaum na wenzake waliligundua hili mapema sana: kompyuta haikuwa tatizo lao, tatizo lilikuwa kumtoa mtaalamu kile anachokijua bila kujua kwamba anakijua.

Pale ambapo ujuzi umekaa machoni na ulimi hauufikii, mfumo wa picha una nguvu zaidi. Na hapa Bagamoyo tuna haki ya kujisifu kidogo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio la kuifundisha kompyuta magonjwa ya muhogo kwa picha 2,756 za majani, zilizopigwa kwa kamera ya kawaida kwenye mashamba ya majaribio ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, nje ya mji huu huu. Kompyuta ilifundishwa kubagua batobato, michirizi ya kahawia, ugonjwa mmoja wa ukungu, utitiri wa kijani, utitiri mwekundu na jani lisiloumwa. Usahihi wake wa jumla kwenye jaribio ulifika asilimia 93. Kutokana na kazi za namna hiyo tukapata Nuru, programu ya PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, ambayo bwana shamba alikuwa nayo siku ile. Lakini gharama ya njia hii ni picha zenyewe: mtu anayejua lazima alitaje kila jani. Kwa muhogo kazi hiyo imeshafanywa na wengine. Kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupigia picha, mtaanza sifuri.

Roboti wa maongezi anajua yaliyoandikwa. Yaliyoandikwa kwa wingi, tena kwa Kiingereza, anayajua vizuri sana. Yaliyomo kichwani mwa mjomba hayajawahi kuandikwa popote, kwa hiyo hayajui.

Mkiuliza "kwa nini"

Hapa mfumo wa kanuni unawazidi wenzake, na ni vyema kuelewa unavyofanya kazi kwa ndani.

Kuna namna mbili za kutembea kwenye kanuni. Ya kwanza ni kwenda mbele: unaanza na yaliyopo, kanuni zinazotimia zinawaka, zinazaa ukweli mpya, ukweli huo unawasha kanuni nyingine. XCON, mfumo wa John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ulifanya hivyo: tangu 1980 kampuni ya Digital Equipment iliutumia kupanga vipuri vya kompyuta za VAX kulingana na oda ya mteja, ili mtu asipelekewe mashine isiyo na nyaya zake. Ya pili ni kurudi nyuma: unaanza na shaka, kwa mfano "hii ni michirizi", kisha unatafuta kanuni zinazoweza kuithibitisha na kuuliza kile tu kinachohitajika. MYCIN ilirudi nyuma. Ndivyo anavyofanya mjomba pia. Hakuulizi yote, anakuuliza jani la chini likoje kwa sababu tayari ana jambo moyoni.

Kwa kuwa njia nzima inaandikwa, ukiuliza "kwa nini unaniuliza mzizi?" mfumo unakutolea kanuni yenyewe: nimeshajua majani hayajajikunja, nimeshajua njano iko kandokando ya vishipa, kama mzizi una madonda makavu basi ni michirizi. Mkulima akiona kanuni haimwingii akilini, anaibishia. Na hapo kikundi kinajifunza hata siku simu imezima chaji.

Na "labda"? Wataalamu hawasemi ndiyo na hapana tu. MYCIN ilizipa kanuni zake uzito kutoka -1 mpaka 1. Tuseme kanuni moja inakupa 0.6 kwamba ni michirizi, nyingine inakupa 0.5. Hazijumlishwi zikawa 1.1, ya pili inaongeza nusu ya pengo lililobaki. Pengo ni 0.4, nusu yake 0.2, jumla 0.8. Mjomba nilipomweleza alisema hata yeye hufanya hivyo, ila haiti hesabu.

Mfumo wa picha ukiuulizwa kwa nini, unakupa jina la ugonjwa na pengine asilimia ya uhakika. Hoja hauna. Roboti wa maongezi atakupa sababu nzuri zilizopangika, na hapo ndipo pa kuangalia: sababu hizo nazo amezitunga kama alivyotunga jibu. Zinaweza kuwa sahihi kabisa. Ila si kumbukumbu ya njia aliyopita.

Ikikosea

Mfumo wa kanuni hukosea kwa kukomea. Ukikutana na jambo lisilo kwenye ghala, unasimama, au kibaya zaidi unalazimisha kanuni iliyo karibu. Haujui kwamba mvua haijanyesha miezi mitatu kama hakuna aliyeuandikia kuuliza mvua.

Mfumo wa picha hukosea kimyakimya. Mwaka 2020 Nuru ilipimwa kwa batobato na michirizi. Kwa jani mojamoja ilipatia asilimia 65. Wakipima majani sita ya mti mmoja, ikapanda kufika kati ya 74 na 88. Kwenye kipimo hichohicho maofisa ugani walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Kwa hiyo anayesema "simu haiwezi kumshinda mkulima" ajibiwe kwa takwimu hizo, na anayepiga picha jani moja kisha akang'oa shamba zima ajibiwe kwa takwimu hizohizo.

Roboti wa maongezi hukosea akiwa na uso mkavu. Katibu alimwuliza mbele yetu kuhusu michirizi, akapewa aya tatu safi zenye ushauri wa kupulizia dawa ya ukungu. Michirizi ni virusi. Inaenezwa na inzi weupe na pingili zenye ugonjwa, na hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya mti: unang'oa, unapanda pingili safi, au mbegu inayostahimili kama Kiroba. Kesho yake katibu aliuliza tena kwa maneno mengine, akapewa jibu sahihi. Mimi kosa la jana halikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kwamba majibu yote mawili yalikuwa na sauti ileile.

Kwa njia, batobato na michirizi ni magonjwa ya nyumbani. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894 kutoka milima ya Usambara, na michirizi ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Tanga. Jirani zetu wa Muheza wanatuzidi kwa hilo.

Bando, chaji na simu

Kifupi: kanuni mia mbili ni nyepesi kuliko picha moja ya harusi, zinakaa kwenye simu yoyote janja bila intaneti. Nuru nayo, ukishaipakua, inafanya kazi shambani bila mtandao na inaongea Kiswahili, lakini inataka kamera inayoona. Roboti wa maongezi kwa kawaida anataka bando kila swali.

Nani atailea

Injini za kanuni ziko za bure. CLIPS, iliyotengenezwa NASA mwaka 1985, bado inapatikana bila malipo. Gharama iko kwingine. XCON iliwaokolea wenyewe mamilioni ya dola kwa mwaka, lakini kila aina mpya ya kompyuta ilipotoka, kanuni zilibidi ziandikwe upya, zikafika maelfu, na watu wa kuzitunza wakawa kazi yao ni hiyo tu. Kwa kikundi, maana yake mtu mmoja awe na daftari la kanuni na ruhusa ya kuzigusa. Kukiwa na watatu wenye ruhusa, kanuni zitaanza kupigana.

Mfumo wa picha unalelewa na walioutengeneza. Nyinyi mnasubiri toleo jipya. Roboti wa maongezi hivyohivyo, tena atabadilika bila kuwaaga.

Kuna jambo jingine la malezi ambalo watu hulisahau: je, utatumika? Mwaka 1979 MYCIN ilipimwa kwa wagonjwa kumi wa homa ya uti wa mgongo. Majaji wanane waliikubali asilimia 65 ya ushauri wake, huku walimu wa Stanford waliopimwa nayo wakipata kati ya 42.5 na 62.5. Iliwashinda walimu, na bado haikuingia wodini. Kuiandikia majibu kulichukua muda mrefu, na hakuna aliyejua nani angebeba lawama ikikosea. Mkulima naye hatajibu maswali thelathini juani. Tulikata ya kwetu yakabaki saba.

Kwa hali yako

Una duka la dawa au zahanati, na tayari kuna mwongozo uliopitishwa: chukua njia ya kanuni. Miongozo ya afya ya watoto ni kanuni tupu. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, anahesabiwa anapumua haraka. Hapa Tanzania mfumo wa ALMANACH uliweka kanuni za namna hiyo kwenye simu za wahudumu. Kwenye utafiti uliochapishwa 2015, watoto waliopewa antibiotiki walikuwa kama asilimia 15, dhidi ya 84 kwa utaratibu wa kawaida. Lakini usijitungie kanuni zako za dawa. Tumia zilizopimwa.

Wewe ni fundi boti, mjuzi pekee wa mashine fulani, na una kijana unayemfundisha: kanuni tena, na anza na makosa kumi yanayorudi kila wiki. Mlio wa mashine uache kwenye sikio lako kwanza.

Una kitu cha kuonekana, kama jani, samaki au ngozi ya mbuzi, na kuna mtu ameshakusanya picha za huku kwetu: mfumo wa picha, majani sita, kila mara. Picha zikiwa za nchi nyingine, zipime kwanza kwa miti ambayo ugonjwa wake unaujua.

Unataka kuandika barua ya mradi, kuelezewa maneno ya ripoti, au kupata maswali ya kwenda kumwuliza bwana shamba: roboti wa maongezi atakuokolea siku nzima. Kipimo changu ni kimoja. Jibu likiwa baya, je, utaligundua kabla ya kulipa gharama yake? Kama ndiyo, mtumie. Kama hutaligundua mpaka msimu wa kuchimba, muulize mwingine.

Kiromo wamechanganya. Nuru inataja ugonjwa, kanuni za mjomba zinasema la kufanya baada ya hapo, yaani ung'oe au usubiri, pingili utoe shamba gani na nani apewe taarifa, na katibu amebaki na roboti wake kwa ajili ya barua. Juzi mjomba amenipigia saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata ya salamu. Kanuni ya kumi na saba si kweli, anasema, mvua zimemwonyesha. Niende na daftari.